Mto Wenye Ng'ambo Tatu

Niliondoka Karatu kwa sababu ya ujumbe niliopewa na dereva wa lori, na ujumbe wenyewe haukuwa mzima. Ilikuwa Desemba, mwanzoni mwa miaka ya themanini, shule zimefungwa, mvua za vuli zimechelewa na kila mtu anatazama juu. Dereva alisimama uani kwangu na kofia mkononi. Alisema ameambiwa na mtu wa Kakesio, ambaye naye aliambiwa na wanawake waliokwenda kuchota magadi, kwamba mume wangu yuko ng'ambo. Nikamchukue kabla mto haujajaa. Ukijaa sijafika, ataapishwa kuwa mtu wa huko na hataruhusiwa kuondoka tena.

"Ng'ambo ya wapi?" nikamuuliza.

"Ya mto, mwalimu."

"Mto gani?"

Akajikuna shingo. Alisema kulikuwa na maneno mengine pia, ila yalimtoka alipokuwa akibadilisha tairi.

Mume wangu anaitwa Simoni, lakini mimi humwita Baba Neema kwa ajili ya binti yetu. Ni fundi wa mashine za kusaga. Aliondoka mwezi wa tano kwenda kutengeneza mashine moja mbali, huko chini kupita Kakesio, akaniahidi wiki tatu. Zikapita wiki tatu, ukapita na mwezi wa saba, na mimi nikawa nimeshaanza kujibu maswali ya majirani kwa kukohoa.

Sasa lazima niseme jambo la nyumbani, maana bila hilo safari hii haieleweki. Mimi ni Mmbulu wa Karatu, na nyumba yetu imejengwa kwenye kipande cha shamba alichonipa baba. Baba Neema kwao ni Sale, kule wanakolima kwa mifereji. Kwa miaka kumi na moja ya ndoa yetu, kila alipotoka kazini alisimama kwanza mlangoni akapiga hodi, kama mtu aliyekuja kuazima ungo. Mimi nikamjibu karibu, naye akaingia. Niliona ni adabu. Tukizozana nilimwambia, "Labda huko kwenu," naye akasema, "Sawa, hapa ni kwenu," kisha chakula kikaliwa kimya.

Mama yangu alipopata habari hakunyanyuka hata kwenye kigoda. Alisema mtu wa ng'ambo hurudi ng'ambo, na nisijisumbue. Nilimwachia Neema, nikamwachia na jibu ambalo sitaliandika hapa, nikafunga mzigo wangu: kanga mbili, sweta, viazi vya kuchemsha, kipande cha sabuni kilichonigharimu nusu siku ya foleni, na chaki tatu ambazo sijui nilizitia kwa nini. Mwalimu hata akienda msibani hukutwa na chaki.

Saa kumi na mbili asubuhi lori liliondoka Karatu. Tulipanda taratibu ndani ya msitu, na huko juu kwenye ukingo wa kreta ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba utingo alishuka akawa anatembea mbele ya taa. Abiria walisema kreta iko hapo kushoto. Niliwaamini tu. Tulipoanza kuteremka upande wa pili jua likatuangukia ghafla, nyasi kavu, vumbi, ng'ombe na twiga katika uwanja mmoja, nikavua sweta.

Saa tisa alasiri tulifika Kakesio. Nilikaribishwa bomani kwa mama mmoja wa Kimaasai aliyeitwa Naisiae, mtu mzima mwenye sauti nzito. Alinisalimu, "Takwenya," nikaitikia, "Iko," na hapo Kimaasai changu kikaisha. Alinipa maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi, akaniangalia nikinywa mpaka mwisho. Nilipomweleza ninachotafuta alitikisa kichwa polepole.

"Mutu ya mashine iko, nasikia," alisema. "Lakini hiyo watu ya mto kichwa yao ni moto. Ukifika kwa moja, usitaje jina ya ingine. Hapana taja kabisa."

Nilimuuliza jina la nani nisilitaje. Akasema kama angelijua asingelitaja. Nikalala na maneno hayo, na asubuhi yalikuwa bado hayajaeleweka.

Kutoka Kakesio nilifuatana na wanawake waliokuwa na punda, wakienda kuchota magadi. Tulitembea siku mbili. Miguu yangu ya ubaoni haikuzoea, na wao walinicheka kwa upole, wakanibebesha kibuyu kidogo ili nisijione bure. Asubuhi ya siku ya tatu walinionyesha ufa katika jabali, wakasema niteremke hapo, wao hawaendi. Nikateremka nikishika mizizi. Katikati ya mteremko nikauona mto.

Mto ule haumo kwenye ramani ya darasani kwangu. Nimeutafuta mara nyingi baadaye, hata kwenye ramani kubwa ya ofisi moja mjini, haumo. Ulikuwa unatoka chini ya jabali lile lile nililokuwa nikiteremka, mweupe, kisha ukajikunja mara tatu bondeni kama utumbo wa mbuzi. Penye kila mkunjo palikuwa na mji wa mawe, na katika kila mji bendera. Toka nilipokuwa nimesimama niliweza kuifunika miji yote mitatu kwa kiganja kimoja.

Saa nne hivi nilifika mji wa kwanza, Dareni. Ukuta wake ulinifika kiunoni. Mtu yeyote angeweza kuuruka, lakini karani wa lango alinifokea nilipotaka kufanya hivyo, akanielekeza mlangoni, na mlango nao ulikuwa mfupi mpaka nikaingia nimeinama. Nikagundua ndiyo maana yake: unamwinamia Mtemi kabla hujamwona. Mtemi mwenyewe nilimkuta akijipigia ngoma, kwa sababu mpiga ngoma wake alikuwa amekwenda kupalilia maharage. Aliipiga mpaka mwisho, akaiweka chini, akavaa kofia ya manyoya, ndipo akawa tayari kuonana na mgeni.

Walisema Kiswahili, ila cha kwao, cha kuburuta mwisho wa kila neno. Nilimwamkia, nikajieleza. Uso wake ukang'aa.

"Fundi wetu," akasema. "Fundi wetu wa mashine. Yuko ng'ambo."

Nilikuwa sijatembea bure. Nilimuuliza ng'ambo ni mji gani. Karani alininong'oneza kwamba sheria ya Dareni hairuhusu kutaja kwa jina mji mwingine wowote, tangu ugomvi wa zamani ambao chanzo chake nacho hakitajwi. Kilichoko upande ule wa maji ni ng'ambo, basi.

Gatini palikuwa na mtumbwi wa gogo na mwanamke mwembamba aliyekuwa akisuka kamba, jina lake Mama Tere. Nilimwambia anipeleke ng'ambo. Akanitazama kidogo kama anayesubiri niendelee, kisha akachukua kafi. Mto wakati huo ulikuwa mdogo, mawe yakionekana. Tulipita kando ya kisiwa chenye miti na kelele ya kitu kikizunguka, tukafika upande wa pili.

Huko ulikuwa mji wa Soyeti, na huko kulikuwa na Mfalme. Mfalme wa Soyeti alikuwa na askari kumi na wawili, wote wakwe zake, na jozi moja ya buti iliyovaliwa na yule wa zamu. Aliyekuwa zamu siku hiyo alikuwa na mguu mdogo, akitembea buti zinabaki nyuma kidogo. Walinipa uji na heshima zote. Nikauliza.

"Fundi wetu?" Mfalme akasema. "Fundi wetu yuko ng'ambo."

"Mimi nimetoka ng'ambo," nikasema.

Wakaguna wote pamoja. Mfalme akanieleza kwa huruma, kama unavyomweleza mtu mwenye homa, kwamba hapa ni huku, na ng'ambo ni kule. Alionyesha kwa kidevu, si nilikotoka, bali upande mwingine, kule mto ulikojikunja tena. Nikamshukuru. Nikamrudia Mama Tere, ambaye alikuwa amezunguka na mtumbwi wake na kunisubiri bila kuambiwa, nikamwambia ng'ambo. Akanipeleka. Tukapita kando ya kisiwa.

Alasiri niliingia Kihumbu. Hapa mtawala alikuwa Malkia, mama mnene mwenye kicheko, na ndiye pekee aliyenieleza mambo yakaeleweka, angalau nusu. Mashine ilinunuliwa zamani na miji yote mitatu kwa pamoja, walipokuwa bado wanasemezana. Walipogombana kila mji ukaondoka na kipande chake (majina natia mimi, yeye alionyesha kwa kidevu tu): Dareni gurudumu, Soyeti kinu chenyewe, Kihumbu chungio na mdomo wa kutilia nafaka. Kwa miaka wakawa wanasaga kwa jiwe huku kila mmoja akikilinda kipande chake kwa mikuki. Kisha kila mji, kwa siri yake, ukamwita fundi. Wote wakampata fundi yule yule.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Malkia akasema akicheka. "Sisi tulimpa siku ya kwanza."

Baba Neema aliviomba vipande vyote, akaviunga mahali ambapo si pa mtu, akavifungia gurudumu la maji, maana dizeli haikuwapo. Hilo alilijua kwa kuzaliwa, maji kwao wanayaongoza kama mbuzi. Mashine ikasaga. Hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu mji wenye fundi ndio ungekuwa na unga, na mwenye unga ndiye mkubwa. Wakakubaliana, kwa kupelekeana ujumbe, kwamba akae ng'ambo mpaka mto utakapojaa na kuligusa jiwe lililochorwa alama. Kama siku hiyo jamaa yake hajaja kumdai, watapiga kura. Mji utakaoshinda utamwapisha, na kiapo cha mto ule hakifunguliwi.

"Jamaa yake ni mimi," nikasema. "Yuko mji gani?"

"Ng'ambo," akasema Malkia.

Sioni haya kusema kwamba niliketi chini nikalia. Nilikuwa na malengelenge, nilikuwa na njaa, na kwa mtu aliyefundisha Kiswahili miaka kumi na mitatu nilikuwa nimeshindwa na neno la kitoto. Nilimwambia Mama Tere anipeleke, nikavuka mara ya tatu, nikapanda ukingo, nikainama kwenye mlango mfupi, na mbele yangu Mtemi wa Dareni alikuwa akijipigia ngoma.

"Umempata?" akauliza.

Asubuhi ya siku ya pili niliamka Dareni mawingu yamefunga juu ya jabali. Mbali huko, kwetu, kulikuwa kunanyesha, na maji yangefika siku yoyote. Nilikaa gatini nikatoa chaki, nikachora juu ya jiwe bapa kama ninavyowachorea watoto wa darasa la nne. Duara tatu, miji mitatu. Kutoka kila duara nikachora mshale kufuata kidevu cha aliyenielekeza. Mishale yote ilipita mahali pamoja kabla ya kufika ukingo. Nilipatazama pale katikati ilipokutana kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo Dareni, Soyeti na Kihumbu wote wangepaita ng'ambo bila kumtaja mtu, nami nilikuwa nimepita kando yake mara tatu.

"Yuko kisiwani," nikamwambia Mama Tere.

"Yuko," akasema.

"Ulikuwa unajua?"

"Namletea mboga kila siku. Wewe uliniambia ng'ambo, mwalimu, nikakupeleka ng'ambo. Nilifikiri unatembea."

Nilitaka kumtupia chaki. Lakini akaniambia nisipande mtumbwini bado, kwa sababu kumdai mtu kuna utaratibu wake, na nikiuharibu nitakuwa nimemwuza. Yeye, kwa kuwa anaishi majini na si mtu wa ukingo wowote, ndiye pekee aliyeruhusiwa kusema na pande zote. Alinieleza hivi. Makarani wa miji mitatu watakuja kisiwani. Mimi na fundi hatutaruhusiwa kusemezana. Kila mmoja ataulizwa peke yake swali moja, kwenu ni wapi, na majibu yakilingana atakuwa ndugu yangu kweli, nimchukue. Yasipolingana, kura.

Mtu mwingine yeyote mwenye mume angeona ni swali jepesi. Mimi nilikaa kwenye jiwe nikijua kwamba mimi na Baba Neema, katika miaka kumi na moja, hatujawahi hata siku moja kulijibu swali hilo kwa jibu moja.

Saa nane mchana maji yalibadilika rangi. Hayakuwa mengi bado, ila yalikuwa yameanza kuwa mekundu, yakibeba majani. Mama Tere alitupeleka sote kisiwani, mimi na makarani watatu. Makarani walisimama ufukweni mwa kisiwa wamepeana migongo, kila mmoja akitazama kwao, ili asilazimike kumwona mwenzake. Na hapo nikamwona mume wangu. Alikuwa amekonda, ndevu zimejaa unga, shati ni lile nililomshonea kola. Aliinua mkono kidogo tu. Miezi saba nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia, mengi yakiwa makali, na yote yalinikimbia, nikabaki kumwonea huruma kwa ile kola.

Walimpeleka nyuma ya mashine, ambako kelele ingefunika jibu lake. Karani wa Dareni akanigeukia.

"Kwenu wapi?"

Kwetu ni Karatu. Nilizaliwa hapo, kitovu changu kiko hapo, sijawahi kusema vingine. Lakini nilimfikiria yeye nyuma ya gurudumu, akiulizwa. Siku zote husema Sale. Nami siku zote nimemkumbusha kwamba ni Sale. Kama nilitaka kurudi naye, ilinipasa niache kwetu, angalau kwa neno moja, mbele ya makarani watatu na mama mwenye mtumbwi. Nikasikia sauti yangu ikisema:

"Sale."

Wakaandika kwa mkaa. Wakaenda nyuma ya mashine, wakarudi. Karani wa Kihumbu ndiye aliyesema, akiuangalia mto.

"Hayalingani. Fundi amesema Karatu."

Sheria ya kunyamaza ilikuwa imekwisha, kwa hiyo Baba Neema akaja upande wangu, maji ya unga yakimtiririka mikononi.

"Wewe umesema nini?" akaniuliza.

"Sale."

"Sale?" Alinitazama kama mtu aliyeambiwa habari ya mtu mwingine. "Mama Neema, wewe?"

"Na wewe kwa nini umesema Karatu? Lini umewahi kusema Karatu?"

Akasema kwamba katika miezi saba kila mtu wa mto ule alimuuliza kwao ni wapi, asubuhi na jioni, na kila alipotaka kujibu kilichomjia kichwani ni ule mlango wetu. Si Sale, si mifereji ya baba yake. Mlango ule wa mbao, anaopigia hodi.

Nitakuwa mwongo nikisema nilifurahi. Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu tulikuwa tumepishana kama watu wawili wanaopeana njia, huyu kushoto na yule kushoto, na kwa ajili ya ustaarabu huo nilikuwa naelekea kupoteza mume. Hasira yangu, wanafunzi wangu wanaijua, hugeuka kuwa somo. Nilitoa chaki, nikaliendea jiwe la alama, lililosimama pale pale ufukweni, ambalo maji yalikuwa yamebakiza vidole vinne kuligusa, nikaandika kwa herufi kubwa: KWAKO. Chini yake nikaandika: KWENU.

"Geukeni," nikawaambia makarani. Sauti ilikuwa ile ya darasani, wakageuka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi wao watatu kutazama kitu kimoja.

"Mtu mmoja mnamuuliza vipi? Kwako. Watu wengi je? Kwenu. Nyinyi mmeuliza kwenu. Mmetuuliza sisi wawili mahali petu, nasi tumewajibu: Karatu na Sale. Kwetu ni kuwili. Mimi nimetaja kumoja, mwenzangu ametaja kwingine, na hakuna kilichobaki. Kama mlitaka kila mtu na pake mngesema kwako. Kosa ni la aliyeuliza."

Karani wa Soyeti akasema kwamba anavyosikia yeye hoja ina nguvu, na Soyeti ingekubali, mradi ng'ambo nao wakubali. Karani wa Dareni akasema Dareni inakubali, mradi ng'ambo wakubali. Karani wa Kihumbu akasema vivyo hivyo. Wakapeana migongo tena. Na kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kumuuliza mwenzake, tukasimama pale, maji yakibakiza vidole vitatu.

Mama Tere aliweka kamba yake chini. Akamwendea karani wa Dareni, akamnong'oneza, akaenda kwa wa Soyeti, akaenda kwa wa Kihumbu.

"Ng'ambo wamekubali," alimwambia kila mmoja.

Kama kweli walikubali mimi sijui mpaka leo. Niliwahi kumuuliza Baba Neema ng'ambo ipi iliyokubali, akacheka mpaka akaacha kula.

Kabla ya kuondoka alimkabidhi Mama Tere ufunguo wa mlango wa maji. Alikuwa amekwisha mfundisha kuendesha mashine, kuifunga na kuitia mafuta, na kwa kuwa Mama Tere hakuwa wa mji wowote, miji yote ingesaga. Lakini Mama Tere akatuonya: tusikanyage ukingo. Mji wowote ambao fundi angekanyaga ardhi yake ungesema amekuja kwao kwa hiari. Njia yetu ilikuwa mto wenyewe, kuupanda katikati, mpaka pale unapotoka chini ya jabali, ambapo ardhi haina mwenyewe.

Basi tukaupanda mto. Maji yalikuwa ya magoti, kisha ya mapaja, baridi na mazito. Mimi siyajui maji. Yeye alitangulia, amenishika mkono, akiyasoma. "Fuata panapochemka," aliniambia, "pakitulia ni parefu." Watu wa miji walitoka wakatembea nasi kingoni pande zote, kila kundi likisimama pale mpaka wake ulipokwisha. Mtemi alikuja na ngoma yake lakini hakuipiga. Yule askari wa Soyeti alitupungia mkono, safari hii pekupeku, zamu yake ya buti ilikuwa imekwisha. Kanga yangu moja ilichukuliwa na maji. Sabuni pia.

Tulipotoka kwenye maji chini ya jabali tukageuka kutazama. Jiwe la alama lilikuwa halionekani tena.

Siku tatu baadaye tulikuwa Kakesio. Naisiae alitupa maziwa, akamtazama Baba Neema kwa muda, akaniuliza kama niliyataja majina. Nilimwambia nilitaja mawili tu, Karatu na Sale. Akasema hayo ni mazuri. Kwenye ukingo wa kreta ukungu ulikuwa umefunguka, nikaiona kwa mara ya kwanza, pana, kijani, ziwa dogo katikati. Baba Neema aliniuliza mbona nimenyamaza. Nilikuwa nafikiria kwamba toka Karatu, watu wa Sale tumewaita wa ng'ambo maisha yetu yote, na kwamba sijawahi kuuliza wao wanatuitaje. Nilimuuliza. Akasema, "Vivyo hivyo."

Saa kumi jioni lori lilituteremsha Karatu, kwenye mvua. Udongo mwekundu ulishika viatu, majirani walichungulia. Kuhusu nilichojifunza, kila mwaka nawafundisha darasa la nne kwamba mtu akiulizwa kwao hujibu kwa wingi, kwa sababu hakuna aliyezaliwa peke yake. Hilo ni la ubaoni. Jingine nililipata siku ile ile, dakika chache baada ya kushuka.

Mama alikuwa amekaa barazani kwetu na Neema. Neema alimrukia baba yake. Mama alisogeza kigoda chake kidogo, kutoka njiani. Baba Neema akapanda ngazi, akafika mlangoni, akasimama. Nilijua kinachofuata. Nilimwona anavuta pumzi, na mimi nikavuta yangu, ile ya kujibu karibu, kwa mazoea ya miaka kumi na moja.

Akasukuma mlango akaingia.

Nilibaki mvuani na mzigo wangu kichwani. Nilisikia viatu vyake sebuleni, kisha jikoni, kisha vyungu vikigongana, kisha sauti yake, ya mtu aliyechukizwa kidogo.

"Nani kahamisha stuli yangu hapa?"

"Mimi," nikasema. Nilikuwa nalia, na mama aliniona, akajifanya anatazama mvua.